Nilimwiga Msomi Akiwa Hai

Hapana, sikumroga. Wala sikumtilia kitu kwenye uji. Nasema mapema maana najua ndilo mtakaloanza nalo. Kila nikimwambia mtu kwamba yule kijana mie ndo niliyemharibu, kwanza anatazama mikono yangu.

Mikono yangu haina kitu. Ni mdomo.

Nilimwiga tu. Basi. Nilimwiga kama alivyo, watu wakacheka, na kwa kicheko kile nusura tumzike. Kosa ni langu, sina wa kumsingizia. Ningemsingizia mume wangu kama nilivyozoea, lakini wakati ule alikuwa keshakufa.

Anayeniandikia haya ni mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Nimemwambia, andika nisemavyo, usininyooshe. Kisomo chenyewe mie nilikikimbia siku ya tatu. Herufi moja nilikuwa nimeshaijua, nikaona yatosha.

Sasa sikilizeni. Kijijini kwetu, huku ndani ya Kilwa upande wa Mitole, ukoo wangu na ukoo wa kina huyo kijana ni watani tangu mababu. Mtani akiingia kwako anachukua kuku, hakuombi. Anakutukana mbele ya wakwe zako, unacheka. Ukinuna, mwenye kosa ni wewe. Na ukifa, mtani ndiye anayekuja msibani akavaa nguo zako, akatembea mwendo wako, akakohoa kikohozi chako, mpaka wafiwa wanacheka na machozi hayajakauka.

Hiyo ndo kazi yangu. Sijisifu, lakini nilikuwa naitwa hata vijiji vya mbali. Kuna mzee mmoja nilimwiga alivyokuwa akidai chakula, mjane wake akasahau, akaitika kutoka ndani, "Nakuja, wee mwanamume, subiri!" Watu walianguka.

Ila kuna mpaka. Mtu akiwa hai unamtania kwa maneno. Nguo zake unangoja.

Basi ukaja mwaka wa kipindupindu. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari kama askari, ukipiga chafya jirani anakwambia afya. Ugonjwa ukaingia pwani, ukapanda kwetu. Karantini! Mgambo wakafunga mwanzi barabarani, hakuna kwenda Kivinje, hakuna kutoka Kivinje. Samaki marufuku. Ngoma marufuku. Arusi marufuku. Hata msiba marufuku! Aliyekufa alizikwa na Bwana Afya na watu wake wanne, kwa chokaa, wafiwa wamesimama kule mbali kama wanangoja mgao wa sukari.

Mie nikakosa kazi.

Mahali pekee watu waliporuhusiwa kukutana ni foleni ya kisimani, asubuhi, kwa sababu Bwana Afya alitaka kutia dawa kila ndoo kwa mkono wake. Huyo Bwana Afya alikuwa anasemea puani. "Ndugu wananchiii! Mikono! Ndugu wananchiii! Choo! Wewe mama, maji umechemsha?" Na mie nyuma yake na puani kwangu, "Nimechemsha, Bwana Afya, mpaka yameungua." Wanawake wanacheka chini chini. Tulikuwa na njaa ya kucheka kuliko njaa yenyewe.

Huyo kijana tulimwita Msomi, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Wa kwanza kijijini kwetu kwenda Chuo Kikuu, kule Dar es Salaam. Anasomea mawe. Serikali ilimsafirisha njia yote ile kusoma mawe, na hapa kwetu mawe tele, lakini hayo si yangu. Alikuja likizo na nyundo ndogo ya kugongea miamba na shati moja jeupe la kutokea. Karantini ikamkuta hapa.

Mwanzo watu walimwona kama daktari. Balozi wetu wa nyumba kumi, mtu wa sauti nzito, kila asubuhi yuko mlangoni. "Msomi! Nyie wenye elimu, hili jambo litaisha lini?"

"Balozi, mie nasoma miamba."

"Sawa, miamba. Lakini litaisha lini?"

Siku za mwanzo alikuwa anamweleza, kwa adabu, mambo ya wadudu na maji. Baadaye akawa anasema, "Sijui, Balozi." Baadaye akawa anatikisa kichwa. Na Balozi naye haachi kuuliza. Kijiji kizima kilimsomesha kwa dua, sasa kinataka majibu.

Halafu redio ya Katibu wa kijiji ikatangaza kwamba Chuo kinafunguliwa. Msomi akavaa lile shati, akachukua begi, akaenda kwenye mwanzi. Mgambo wakamrudisha. Kesho yake akaenda tena, wakamrudisha. Siku ya tatu mgambo mmoja, waliyesoma naye darasa moja, akamwambia, "Msomi, unatuchosha. Hata Mwenyekiti hapiti. Utapita wewe?"

Akarudi. Akalitua begi uvunguni. Shati likafuliwa, likaanikwa, na yeye akaenda kukaa nyuma ya nyumba, akaugeukia ukuta.

Mchana kutwa pale. Ndevu zinaota. Ukimpa chakula anashukuru, unakuta kuku wamekula. Nyundo yake iko pembeni, hagongi kitu. Akawa na wazo moja, kwamba kule Chuo wameshalifuta jina lake, na wenzake wanasonga mbele, na yeye atabaki hapa kuwa yule aliyeulizwa mambo asiyajue.

Mama yake alihangaika. Mwanamke mwepesi wa maneno yule, hana nukta. "Jamani mie mwanangu hali mwanangu halali nimempa muarobaini kanywa shehe kamsomea kaitikia amina sasa mie nifanye nini jamani mie?" Mtani wangu huyo. Tuliolewa kijiji kimoja, nimemzidi umri, lakini tumetukanana miaka thelathini.

Siku moja nikaenda kwao kuchukua papai. Nikamkuta Msomi ukutani kwake. Mie huwa namwita mume wangu, naye huwa ananijibu ovyo. Nikamwambia, "Mume wangu, leo hunioi?" Kawaida angesema, "Bibi, nikuoe kwa meno yapi?"  Siku ile akasema polepole, bila kunitazama:

"Bibi, nikiamka nahisi kama nimewekewa gunia la korosho hapa kifuani. Siumwi. Nimechoka kuamka tu. Natamani nilale moja kwa moja, nisiulizwe kitu tena."

Halafu akaongeza, "Usimwambie mama."

Mnajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Gunia la korosho? Kalipeleke ushirika likapimwe, babu!" Nikacheka sana. Naye akatabasamu kidogo, upande mmoja wa mdomo. Mie nikaona, ahaa, nimemponya.

Yaani mtoto ananiambia anatamani kufa, mie nikaondoka na papai!

Baadaye nilijiuliza kwa nini aliniambia mie. Nadhani ni hivi. Angemwambia mama yake, ingekuwa kilio. Angemwambia shehe, ingekuwa dhambi. Angemwambia Balozi, kingekuwa kikao. Lakini mtani unamwambia lolote, halina uzito, ni maneno tu yamepita. Alitafuta mahali pa kulitua lile gunia pasipo na kelele. Akachagua kwangu! Katika kijiji chote kile, mtoto wa Chuo Kikuu, akachagua kwangu.

Kesho yake kisimani nikaanza Bwana Afya wangu, nikaona watu hawacheki tena. Walikuwa wamemzoea. Na mie msanii aliyezoewa namfahamu, anakuwa kama mtu mwenye upele, watu wanamkwepa kwa adabu.

Basi nikamtoa Msomi.

Nikaigeuza ndoo, nikakaa juu yake, nikaugeukia mti kama yeye na ukuta wake. Mabega nikayaangusha. Jicho nikalilegeza. Sikusema kitu kwa muda mrefu, maana ndo alivyo. Halafu kwa sauti yake ile ya chini: "Nimechoka... kuamka. Nimewekewa... gunia... la korosho."

Loo! Walicheka mpaka Bwana Afya akamwaga dawa. Pale palikuwa na mama aliyezikiwa mtoto kwa chokaa wiki ile ile, hakupata hata kumlilia, akacheka akakaa chini. Mie nikaona nimefanya ibada.

"Tena, Bibi! Tena!"

Nikarudia. Siku ya pili nikarudia. Siku ya tatu nikaongeza na mwendo, ule wa kuburuta miguu kama kandambili zimeshikwa na matope. Siku ile mama yake hakuwapo, wala siku mbili za kabla. Alikuwa na jipu mguuni, maji yalikuwa yanachotwa na mkewe kaka yake Msomi.

Siku ya nne nikapita kwao alfajiri, nikaliona lile shati jeupe kwenye kamba.

Nikalichukua. Si mtani anachukua? Nikalivaa hapo hapo juu ya kanga. Najua nilichosema kuhusu nguo. Nilikijua na siku ile. Nilijiambia, karantini hii, misiba hakuna, mkono usije ukasahau kazi.

Kisimani siku ile watu wengi. Na mama yake naye kaja, jipu limepasuka, anachechemea, ndoo kichwani. Mngekuwa nyie mngeacha. Mie nikaona, kuna raha gani kama mzazi kucheka? Nikaanza mwendo. Akacheka! Alikuwa wa kwanza kucheka, "Jamani huyu kizee mwanangu huyu jamani!" Nikakaa kwenye ndoo. Anacheka bado. Nikasema yale maneno.

Akaacha kucheka.

Wenzake bado wanacheka, yeye kasimama. Wao walidhani ni maneno yangu, nayatia chumvi. Lakini mama anaijua sauti ya mtoto wake. Na mie, ole wangu, naijua kazi yangu. Nilikuwa nimeitoa sawasawa.

"Bibi. Hayo umeyatunga?"

"Mie situngi, mtani. Mie naiga."

"Kayasema lini?"

"Siku ile ya papai."

"Siku ya papai ndo lini?"

Nikaanza kuhesabu vidole.  Bwana Afya kashika kopo lake la dawa, hasemi puani wala mdomoni. Yule mwanamke akaiachia ndoo, maji yakammwagikia miguuni, akakimbia. Na kidonda chake, na umri wake, na uzito wake. Akakimbia.

Nyumbani wakakuta bakuli la uji limeota ngozi juu, na kandambili. Mwenyewe hayupo. Mke wa kaka yake ndiye aliyetueleza. "Alikuwa hapa sasa hivi. Nimemtania kidogo tu. Nimemwambia, shemeji, gunia la korosho umeshalitua? Akaniuliza, nani kakwambia? Nikamwambia, kisima kizima kinajua. Akainuka."



Tukamtafuta. Bwana Afya akaanza, "Ndugu wananchi, mkusanyiko..." halafu akaweka kopo chini akaja na yeye. Mgambo wakauacha mwanzi wao barabarani peke yake, na hakuna aliyepita. Kila mtu aliingia porini. Tunaita jina lake, lile jina la kweli, ambalo wengi tulikuwa hatujalitaja tangu aende shule.

Sasa ngojeni niseme lile ambalo sijawahi kumwambia mtu.

Mchana nilikuwa peke yangu kwenye mikorosho, natafuta chini ya kila mti. Jua kali. Nikasikia mtu anaita kwa mbali, "Mwanangu! Mwanangu!" Nikageuka. Ni mama yake, anakuja mbio, kanga imemwanguka, mikono kainyoosha, uso wake umefunguka kwa furaha ambayo sijapata kuiona kwa mtu. Anakuja kwangu. Nikashangaa, mbona mie?

Nilikuwa bado nimevaa shati.

Na mwendo! Siku mbili nilikuwa naufanya ule mwendo, miguu ilikuwa haijauacha. Alimwona mwanawe anatembea kwenye mikorosho. Alikaribia kama hatua kumi hivi, ndipo akauona uso.

Hakunitukana. Alisimama, akanitazama, akageuka, akaendelea kuita. Mie nikalivua lile shati nikalikunjakunja, nikalishika mkononi kama kitu nilichoiba.

Walimpata siku ya pili, baada ya sala ya alasiri, mama yake na Balozi. Alikuwa kwenye mahame yetu, kule tulikokuwa tukikaa kabla ya kuhamishiwa kijijini. Kuta za nyumba ya babu yake bado zimesimama, bila makuti. Alikuwa amekaa ndani mle. Hai. Midomo imepasuka, hazungumzi, lakini hai. Alikwenda kufanya nini sijui. Wanaojua hawasemi, na mie sina uso wa kuuliza. Balozi alimbeba mgongoni njia nzima. Watu wanasema njia nzima Balozi hakumuuliza swali hata moja.

Bwana Afya aliandika cheti, mwanzi ukainuliwa kwa ajili yake, akapelekwa hospitali. Mama yake alikwenda naye. Daktari akasema ni ugonjwa wa mawazo. Nilipoletewa habari hiyo nilisema, mawazo nayo ni ugonjwa? Mbona sote tunayo? Angesema homa ningeelewa. Lakini daktari, nasikia, alieleza vizuri tu. Kwamba mtu anaweza kufungiwa mahali, na hana kidonda, na ndani akaoza. Na kwamba vijana wa vyuo waliokwama majumbani wamemjia wengine pia, si huyu peke yake. Akamuuliza mama, "Huyu hakumwambia mtu yeyote kabla?"

Mama akamjibu, "Alimwambia mtu."

Karantini iliisha mvua zilipoanza. Barua kutoka Chuo zikafika, zimerundikana Kivinje muda wote ule. Jina lake halikufutwa! Walikuwa wanamwandikia aje wakati wowote barabara itakapofunguka. Zilikuwa zimelala kwenye kabati kule, mwendo wa siku moja kwa miguu.

Hakwenda mwaka ule. Alipelekwa kwa mjomba wake Rondo, kwenye hewa ya baridi na watu wasiouliza. Mwaka uliofuata akarudi Chuo. Nasikia anakula, anacheka kidogo kidogo, ana rafiki wanayekwenda naye kwa daktari. Likizo anashukia Rondo. Kijijini kwetu hafiki.

Na mie? Mie mzima, asanteni. Meno ndo yale yale mawili. Misiba ikarudi, nikaitwa. Nikasimama mbele za watu nimwige marehemu, mvuvi mmoja mwenye kelele, nikafungua mdomo, ikatoka sauti ya chini, polepole, "Nimechoka..." Nikaufunga. Nikasema nina mafua. Tangu siku hiyo mafua hayajapona.

Nawaambia nyie mnaosomewa haya, na watani wenzangu hasa. Mtu akikwambia amechoka kuamka, usimchekeshe! Ukimchekesha atatabasamu kwa adabu, nawe utadhani umemaliza kazi. Tua papai chini. Kaa naye. Muulize, tangu lini? Akikukataza kumwambia mama yake, nenda kamwambie mama yake, akununie akiwa hai. Mpelekeni kwa daktari kama mnavyompeleka mwenye homa. Na msiwafanye watoto mliowasomesha kuwa redio ya kijiji. Wanachoka, wallahi, wanachoka.

Mie nilikwenda kwa mama yake, msiseme sikwenda. Nilingoja arudi kutoka Rondo alikompeleka mwanawe. Nikalifua lile shati mara tatu, nikalikunja vizuri, nikachukua na kuku. Kuku mwenyewe alikuwa wake, nilimchukua kwa utani mwaka wa nyuma, lakini alikuwa amenenepa.

Nikamkuta uani anamenya mihogo. Nikaweka shati juu ya kinu. Nikamfungua kuku miguu. Miaka thelathini sijawahi kumpigia hodi wala kumwambia hujambo, sikujua naanzaje. Nikaanza kama tulivyozoea.

"Wee kizee mchawi, hujafa tu?"

Alimaliza muhogo aliokuwa nao. Akautia majini. Akanitazama usoni, na safari hii aliweka nukta.

"Siku nikifa, usije."